Sahihi Ambayo Margareta Hakuiweka

Karatasi ilikuwa imeshachapwa. Kilichobaki ni sahihi.

Mwalimu mkuu, Adelard, aliisukuma juu ya meza pamoja na kalamu, kisha akaegemea kiti chake. Margareta Chilumba aliichukua akaisoma polepole, kidole kikitembea chini ya maneno, maana shule yeye aliishia darasa la saba huko Newala, na tangu hapo alichosoma zaidi ni vipimo vya nguo. "Mimi niliyetajwa hapo juu, kwa hiari yangu mwenyewe, nimeamua kumwondoa mtoto wangu shuleni kutokana na hali yake ya kiafya." Chini palikuwa na mstari wa nukta, na jina lake tayari limeandikwa kwa herufi kubwa.

"Mwalimu," alisema, "hii hiari iliyoandikwa hapa mie sinayo."

"Ni utaratibu tu, mama. Kwa faida ya mtoto."

"Kwani mtoto anaumwa?"

Mwalimu mkuu alishusha pumzi. "Mama Noela, tusizungushane. Darasa la kwanza lina watoto mia na arobaini. Mwanao akiulizwa jina dakika tano zinapita hajamaliza kujibu. Anadondosha udenda, wazazi wameshalalamika. Juzi kaanguka kwenye ngazi ya choo. Hapa hatuna kitengo. Kuna shule upande wa pili wa jiji ina kitengo cha ulemavu wa akili, mpeleke kule."

"Akili mwanangu anazo."

"Kila mzazi anasema hivyo."

Margareta aliikunja ile karatasi mara mbili. Aliomba aende nayo akaisome vizuri nyumbani. Mwalimu mkuu, akidhani mambo yamekwisha, akamruhusu. Mama akamfuata mwanawe darasani, akamshika mkono, wakaondoka. Ilikuwa Februari, mwaka 2019. Noela alikuwa amesoma wiki tano tu.

Noela alizaliwa baada ya uchungu wa siku mbili, akachelewa kulia. Hospitali walisema ni mtindio wa ubongo. Alitembea akiwa na miaka mitano, kwa kushika kuta. Mikono yake ilikwenda inakotaka yenyewe: akitaka kushika kikombe, mkono unapita pembeni, unarudi, unakigonga. Maneno yake yalitoka mazito na ya kuvutika, na aliyeyaelewa bila kuuliza mara ya pili ni mama yake peke yake.

Lakini Noela alikuwa anasoma. Hakuna aliyemfundisha. Margareta alikuwa fundi wa sare za shule pale Mbagala, na pateni za sketi na mashati alizikata kwenye magazeti ya zamani. Mtoto, akiwa amekaa sakafuni pembeni ya cherehani, aliokota vipande na kuuliza hiki nini, na hiki nini, mpaka siku moja akaweka kidole kwenye kichwa cha habari na kutamka, kwa taabu lakini bila kukosea: "Maji." Ilikuwa habari ya mgawo wa maji. Alikuwa na miaka sita.

Akawa anasubiri shule kama watoto wengine wanavyosubiri sikukuu. Alipofikisha miaka minane, mama yake akamshonea sare. Ndani ya ile shule, nusu ya wanafunzi walikuwa wamevaa kazi ya mikono ya Margareta, na hilo ndilo lililomuuma zaidi alipokuwa akirudi nyumbani na ile karatasi.

Mumewe, Albano, alikuwa mchongaji wa vinyago. Alirudi jioni akiwa na vumbi la mpingo kwenye nyusi. Aliisoma karatasi amesimama.

"Saini yaishe, Mama Noela."

"Yaishe nini?"

"Haya. Kuitwa kila siku. Watu kumtazama mtoto. Tutamtafutia mwalimu wa tuisheni aje nyumbani."

"Nikisaini, mie ndiye niliyemtoa. Kesho wakiulizwa watasema mama yake mwenyewe alitaka."

"Na usiposaini? Utafanya nini? Wale serikali."

 Margareta alijua tu kwamba kalamu yake haitaigusa ile karatasi. Jioni hiyo Albano alikula akiangalia ukuta.

Kesho yake Margareta alikwenda kutoa nakala kwenye duka la vifaa vya shule la Bahiya Matar. Bahiya alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, wa familia ya Kiarabu iliyokuwa na duka hapo tangu enzi za baba yake. Watu walimjua kwa madaftari, kalamu na mashine ya kutoa nakala. Wachache walijua kwamba alikuwa pia amesomea usaidizi wa kisheria, na kwamba kwenye chumba cha nyuma ya duka watu walikwenda na matatizo yao ya mirathi, ndoa na viwanja. Aliitandaza karatasi kwenye mashine, akasita, akaitoa tena na kuisoma.

"Mama Noela. Hii kakupa nani?"

Margareta alimweleza. Bahiya alifunga mlango wa duka nusu, akaingia ndani, akarudi na kijitabu kilichochakaa, ukurasa umekunjwa ncha. Kilikuwa kimeeleza kwa lugha nyepesi Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010.

"Kifungu cha ishirini na saba. Soma mwenyewe."

Margareta alisoma. Kwamba mtoto mwenye ulemavu ana haki ya kuandikishwa shule sawasawa na asiye na ulemavu. Kwamba atasoma shule ya kawaida, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalumu. Kwamba akiwa shuleni atapewa msaada unaoendana na hali yake. Aliposoma mara ya pili, macho yalikuwa yamemjaa maji, lakini sauti yake ilikuwa ya hasira.

"Kwa hiyo hili limeandikwa. Miaka yote hiyo. Na yeye analijua?"

"Analijua au halijui, siwezi kusema. Ila angalia ujanja wa karatasi hii. Yeye hataki kuandika kwamba kamkataa mtoto, maana akiandika hivyo amejifunga. Anataka uandike wewe. Sasa usisaini, na usigombane naye. Mwambie aandike yeye. Jina lake, sababu yake, sahihi yake, na muhuri."

"Asipoandika?"

"Basi mtoto hajafukuzwa. Mpeleke shule."

Wakaandika barua pale pale. Kichwa chake kilisema: ombi la kupewa uamuzi kwa maandishi. Mistari sita tu. Nakala moja kwa afisa elimu kata, nyingine kwa ofisi ya elimu ya manispaa. Bahiya akampa daftari jipya. "Kila siku andika tarehe, saa, na nani kasema nini. Hata kama ni neno moja."

Jumatatu asubuhi Margareta alimvalisha Noela sare, akamfunga viatu, wakaenda. Mwalimu mkuu aliisoma barua, uso ukabadilika rangi.

"Nani kakuandikia hii?"

"Nimeandika mie. Nimesaidiwa."

"Mama, hapa si mahakamani. Siipokei."

"Sawa. Nitaandika kwamba umekataa kuipokea." Akatoa daftari, akaangalia saa ya ukutani, akaandika mbele yake. Saa moja na dakika arobaini.

"Na mtoto haingii darasani mpaka suala hili liishe."

"Hilo nalo ungeliandika, mwalimu. Mie nasubiri."

Akatoka, akakaa kwenye benchi la barazani, Noela pembeni yake. Alikuwa amekuja na mfuko wa kazi: vifungo vya kukazia, pindo za kukunja kwa mkono. Hakupiga kelele. Mwalimu akipita alimsalimia. Mwalimu mkuu akipita alisema, "Shikamoo, mwalimu," kwa sababu ndivyo alivyolelewa, kisha akaendelea kushona. Kengele ya kutokea ilipolia akamchukua mtoto wakarudi nyumbani. Jumanne wakaja tena. Jumatano tena.

Benchi lile lilikuwa karibu na dirisha la darasa la kwanza. Siku ya tatu mwalimu wa darasa, Mwanabaraka, binti aliyekuwa na miaka miwili tu kazini, aliandika neno ubaoni na kuuliza nani analisoma. Darasa likanyamaza. Kutoka nje, kupitia nondo za dirisha, sauti nzito ikajibu: "Ku-ku." Watoto wakacheka. Mwalimu Mwanabaraka hakucheka. Alisogea dirishani akamtazama Noela, halafu akarudi ubaoni, akafuta neno lile na kuliandika upya kwa herufi kubwa, upande wa ubao ulio karibu na dirisha. Tangu siku hiyo aliandikia upande huo. Mwalimu mkuu alipomuuliza, alisema upande wa pili unang'aa kwa jua.

Haikuwa siku nyepesi hata moja. Kuna mzazi alisimama mbele ya benchi akasema kwa sauti, "Wengine wanapenda kuwatangaza watoto wao." Margareta aliandika na hilo. Mteja wake mmoja mkubwa, aliyekuwa akimpa kazi ya sare za shule ya binafsi, alimwambia hapendi fundi mwenye ugomvi, akapeleka vitambaa kwingine. Siku ya tano mvua ilinyesha ya kuingia barazani. Noela akalowa, akatetemeka, na Margareta kwa mara ya kwanza akajiuliza kama anampigania mtoto au anapigania hasira yake mwenyewe. Alimfuta uso kwa kanga.

"Turudi nyumbani, mwanangu?"

Noela alitikisa kichwa. Alichukua muda kulitoa neno. "Bado. Kuandika."

Alimaanisha kipindi cha kuandika kilikuwa hakijaanza.

Siku ya saba Albano alikuja. Hakuwa amesema chochote nyumbani. Alitokea tu getini saa nne asubuhi, akiwa na nguo zake za kazi, akakaa upande wa pili wa Noela. Walimu wakachungulia. Baada ya muda akasema, bila kumtazama mkewe, "Nimepita mjini. Ile nakala yako ya manispaa nimeifuatilia. Ilikuwa haijafika mezani. Sasa imefika, na hii ya kwetu wameigonga muhuri." Akaitoa kwenye mfuko wa shati. Muhuri ulikuwa wa bluu, tarehe inasomeka.

Siku ya tisa, afisa anayeshughulikia elimu maalumu alifika kutoka manispaa. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani na mkoba mzito, anayeongea haraka. Aliwasalimia waliokuwa kwenye benchi kabla ya kuingia ofisini, kisha akawaita wote: Margareta, Albano, Noela, na Mwalimu Mwanabaraka. Bahiya aliitwa kwa simu, akafika amevaa baibui na kijitabu mkononi.

"Mwalimu mkuu," afisa alianza, "barua ya kumkataa mtoto huyu iko wapi?"

"Hatujamkataa, afisa. Tulimshauri mzazi."

"Kwa hiyo hajakataliwa."

"Hapana."

"Basi kwa nini siku tisa yuko nje?"

 Mwalimu mkuu akasema mzazi ni mkorofi, ameleta usumbufu, anaandika watu kwenye daftari kama polisi. Kisha akakumbuka kitu, akanyoosha kidole kwenye kijitabu cha Bahiya. "Na hiyo sheria wanayoishika, mbona hawasomi yote? Inasema isipokuwa mtoto anayehitaji mawasiliano maalumu. Huyu hasemi. Muulizeni jina muone."

 Hoja haikuwa ya kijinga, na hilo ndilo lililomtisha Margareta. Bahiya alitaka kujibu, lakini Mwalimu Mwanabaraka alikuwa ameshasimama.

"Naomba dakika moja," alisema, akatoka.

Alirudi na boksi la kadi za herufi alizozikata mwenyewe kwenye maboksi ya biskuti, akazimwaga mezani. Bosi wake alikuwa akimtazama. Afisa aliinama mpaka uso wake ukalingana na wa Noela.

"Noela, unataka kubaki nyumbani na mama?"

Mtoto aliangalia kadi. Mkono wake ulipita juu yake, ukasukuma tatu chini, ukarudi. Albano aliinama kuokota, Margareta akamzuia kwa kumgusa bega. Noela akaikokota S mpaka ukingoni. Kisha I. Ilichukua muda mrefu. Nje kengele ililia, watoto wakatoka mapumziko na kelele zao, na ndani hakuna aliyesogea. T. Kisha K. Kisha I nyingine. Akarudi nyuma kwenye kiti, amechoka, jasho kwenye paji la uso.

SITKI.

"Imekosekana herufi moja," alisema Mwalimu Mwanabaraka. Akaweka kidole kati ya T na K. "Imekosekana A. Nusu ya darasa langu hawajafika hapo, afisa. Na wao nawafundisha kila siku. Huyu nimemfundishia dirishani."

Afisa alizitazama kadi kwa muda. "Mawasiliano maalumu aliyohitaji," alisema, "ni maboksi ya biskuti." Akaomba kitabu cha wageni. Aliandika ukurasa mzima, kwa mwandiko wa kubanana: mtoto arudi darasani siku hiyo hiyo, apelekwe kituo cha upimaji wa watoto wenye mahitaji maalumu ili ijulikane anahitaji nini, akae mbele, apewe muda wa ziada kwenye mazoezi na majaribio, ngazi ya choo iwekwe njia ya mteremko na kishikio. Akasaini. Akamgeuzia mwalimu mkuu kitabu na kalamu.

Mwalimu Adelard alisaini. Hakuomba radhi siku ile, wala baadaye.

Noela aliingia darasani kabla ya kipindi cha hesabu. Margareta alikwenda mpaka nyuma ya choo cha walimu, mahali ambapo hakuna anayeona, akalia mpaka kanga ikalowa. Kisha akanawa uso akaenda kazini.

Mteremko haukujengwa. Mwezi wa tatu waliambiwa fungu halijaingia, mwezi wa tano vilevile. Margareta alipeleka barua ya ukumbusho kila mwisho wa mwezi, na kila mara alidai igongwe muhuri wa kupokelewa. Mwezi wa sita Albano alichoka kusubiri, akaja Jumamosi na mbao na wachongaji wenzake wawili, wakaweka njia na kishikio. Margareta alimshukuru, halafu akapeleka barua ya mwezi huo kama kawaida. Albano akashangaa.

"Si tumeshajenga?"

"Tumejenga sisi. Walioandikiwa kujenga ni wao."

Mteremko wa saruji ulijengwa mwaka uliofuata. Albano pia alimchongea mwanawe herufi za mbao nzito, zenye kina cha kutosha kidole kuzama, ili mkono ukiteleza zisianguke. Noela alizitumia mpaka darasa la tatu, alipoanza kuandika kwa kalamu iliyovalishwa mpira mnene. Mwandiko wake mpaka leo ni mkubwa, maneno manne yanajaza mstari.

Habari za benchi zilienea Mbagala yote. Wazazi walianza kumfuata Margareta kwenye cherehani: mwenye mtoto asiyesikia, mwenye mtoto wa uoni hafifu aliyekuwa akichapwa kwa kutonakili ubaoni, mama mmoja kutoka Gongo la Mboto aliyekuja na binti yake mgongoni, mkubwa wa miaka kumi. Bahiya akamwambia, "Sasa na wewe kasomee." Akaenda, siku ishirini na tano za mafunzo ya usaidizi wa kisheria, fundi wa darasa la saba katikati ya vijana waliomaliza chuo. Alipewa kitambulisho, akakiweka ndani ya mashine ya kushonea, kwenye droo ya bobini za uzi.

Si mara zote alishinda. Mzee mmoja, Nurdin, alifika kwake mwanawe akiwa ameshakaa nyumbani miaka mitatu. Alikuwa amesaini karatasi kama ile ile. Margareta aliandika, alifuatilia, alikwenda kata na manispaa, mtoto akakubaliwa kurudi. Lakini mtoto mwenyewe, akiwa na miaka kumi na minne, alikataa kukaa na watoto wa miaka minane, na hakuna aliyeweza kumlaumu. Margareta anasema hiyo ndiyo kesi anayoiota.

Mwaka 2022 Noela alifanya upimaji wa darasa la nne. Barua ya kuomba muda wa ziada Margareta aliipeleka miezi minane kabla, na alipoambiwa bado mapema, aliomba hilo nalo liandikwe. Muda wa ziada ulitolewa. Noela alifaulu, hesabu vizuri kuliko Kiswahili.

Mwaka 2024, akiwa darasa la sita na miaka kumi na mitatu, tayari walikuwa wameanza kushughulikia suala la sekondari. Sekondari ya karibu ina ghorofa mbili na hakuna njia nyingine ya kupanda isipokuwa ngazi. Margareta aliandika rasimu ya barua kuomba darasa la Noela liwekwe chini, akampa aisome. Noela aliisoma mpaka mwisho, akachukua kalamu yenye mpira, akaanza kukata. "Naomba" zilikuwa nne. Alizikata zote, na juu ya kila moja akaandika kwa herufi zake kubwa: "Nahitaji."

Walibishana. Margareta alisema barua ya serikali lazima iwe na adabu. Noela akasema, kwa ule uzito wake ambao sasa hata majirani wameuzoea, kwamba ngazi hazina adabu. Wakaenda kwa Bahiya akaamue. Bahiya aliisoma, akavua miwani, akacheka mpaka akakohoa, kisha akaamua "naomba" moja ibaki, ile ya mwanzo, na nyingine ziende alivyotaka mtoto.

Noela hakuridhika, lakini alisaini.